Greda Iliyoishia Langoni

"Hapa Nyamira hakuna mashine inayoweza kukanyaga udongo halafu Masese ashindwe kukuambia ni gani," Koplo Masese alimwambia Hodan, huku akipandisha suruali kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. "Nionyeshe alama. Alama moja tu. Nitakutajia mashine, nitakutajia dereva, na nikichuchumaa vizuri nitakutajia kama alikunywa chai au uji."

Hodan Gulled hakucheka. Yeye ndiye aliyesimamia yadi ya mashine ya baba yake hapo Nyansiongo, na alikuwa ameamka alfajiri akaendesha pikapu kutoka Kisii mjini, mtandio kichwani na gambuti miguuni, akakuta lango la yadi limefungwa kwa kamba badala ya kufuli. Akakuta na mpira wa dizeli umelala chini kama nyoka aliyeshiba. Mashine ilitoka hapa jana Jumapili, na ilirudi. Ni ipi, hakujua. Mlinzi naye alikuwa ameapa kwamba alikwenda tu kunywa chai. Chai hiyo, kwa hesabu ya Hodan, ilinywewa kuanzia asubuhi mpaka mchana.

"Alama ndizo hizo, afande," akasema.

Masese akachuchumaa. Akachota udongo kwa vidole viwili, akaunusa. Kwa nini wapelelezi hunusa udongo, hakuna anayejua, lakini Masese alikuwa ameona ikifanywa.

"Eskaveta," akatangaza. "Unaona haya mashimo mashimo? Hiyo ni minyororo. Eskaveta imetoka, imeenda kumchimbia mtu kisima, imerudi. Kesi imekwisha. Chai iko?"

"Eskaveta ile?"

Masese akageuza shingo. Kwenye kona ya yadi eskaveta ilikuwa imeinama, mkono wake mrefu umelala chini, ndoo imefungua mdomo. Mnyororo wa upande mmoja ulikuwa umetolewa na kutandazwa kwenye nyasi. Kuku wawili walikuwa wameukalia.

"Iko hivyo tangu mwezi jana, tunangoja spea," Hodan alisema. "Hayo mashimo uliyonusa ni ya rola ya meno, ile ya kushindilia udongo. Imepita hapo Ijumaa nikiiona kwa macho yangu."

Masese alisimama akapangusa vidole kwenye suruali.

"Nilikuwa nakujaribu," akasema.

"Nimefaulu?"

"Karibu ufaulu."

Sasa Hodan akacheka, lakini kidogo tu, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. "Sikiliza afande. Baba anataka jina kabla ya jioni. Asipoletewa jina, atachukua la yule anayekaa na funguo, amfute kazi, halafu amlete kwenu mumfungulie mashtaka. Na anayekaa na funguo ni Nyasani."

Nyasani! Hapo Masese aliacha kutania. Nyasani alikuwa opareta wa kampuni, kijana mwenye mikono mirefu na sauti ya kwaya, na kila mtu sokoni alijua kwamba Jumapili ijayo wazee wake wanapeleka ng'ombe wa mahari. Mtu anayefutwa kazi Jumatatu hapeleki ng'ombe Jumapili. Wazee wa upande wa pili wangeuliza swali moja tu, "Kijana anafanya kazi wapi?", na harusi ingeishia hapo.

"Tuanze na mashine," Masese akasema. "Moja baada ya nyingine. Buldoza?"

"Buldoza haliendi popote lenyewe. Likikanyaga lami na ile minyororo, lami inabanduka kama chapati. Ni mpaka lipandishwe kwenye trela, na trela liko Keroka."

Masese hakuridhika. Alilizunguka lile buldoza, akapiga koleo lake pana kwa ngumi, akaumia, akanyamaza. Chini ya minyororo nyasi zilikuwa zimemea mbichi, hazijavunjika. Buldoza likatoka kwenye orodha ya washukiwa.

"Rola?"

"Rola inatembea polepole kuliko ng'ombe mwenye mimba. Ingetoka jana, saa hii bado ingekuwa inarudi."

"Bakho?"

Wakaiendea bakho, ile mashine yenye koleo mbele na mkono wa kuchimba nyuma, kama ng'e. Masese alifungua mlango akaingiza kichwa, akakitoa haraka. Utando wa buibui ulikuwa umetoka kwenye usukani mpaka kwenye kiti, na mwenyewe alikuwa ndani, amenona, hataki wageni.

"Huyo ni shahidi wetu wa kwanza," Hodan akasema. "Anasema hakuna aliyeketi hapo."

Ikabaki greda. Ilisimama peke yake karibu na ukuta, ndefu, magurudumu sita, kisu chake kipana kimening'inia chini ya tumbo. Nyingine zote zilikuwa na udongo mkavu wa rangi ya vumbi. Greda ilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye vioo. Na pale kwenye pembe ya kisu, katikati ya bolti mbili, palikuwa na kijitawi kimenasa, kina majani matatu, bado kijani.

Masese alikiona kwanza. Akakiangusha kwa ncha ya kiatu, taratibu, kama mtu anayesogeza ganda la ndizi. Hodan akainama akakiokota.

"Chai," akasema.

"Majani tu hayo."

"Ni chai, afande. Wewe Mgusii unaniambia mimi hujui chai? Kwenye barabara kuu tunayojenga hakuna chai. Hapa yadi hakuna chai. Hii mashine imepita mahali chai iko karibu na njia kiasi cha kuguswa na kisu. Tumwite Nyasani."

Nyasani alikuja na kitambaa cha grisi mkononi, akasimama wima kama anayesubiri kuombewa.

"Jumamosi, siku ya Sabato, nilikuwa kanisani," akaanza. "Tangu asubuhi mpaka jua likazama. Afande, niulize hata mahubiri."

"Nani amekuuliza Jumamosi?" Hodan akasema.

"Hapana, madam, mimi natangulia tu."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa nyumbani."

"Ukifanya nini?"

"Nikikaa. Nyumbani."

Masese alikohoa. "Jibu limetosha."

"Jibu halijaanza!" Hodan akamgeukia. "Afande, wewe uko upande gani? Nyasani, funguo za greda zilikuwa wapi jana?"

"Zilikuwa na mimi. Lakini madam, wewe mwenyewe unajua ufunguo wa hii greda unawasha kila greda ya aina yake kutoka hapa mpaka Mombasa. Sio kama wa nyumba."

Kwa hilo hakudanganya. Mashine hizi huja na ufunguo wa namna moja, mtu akipoteza wake anaazima wa jirani. Masese alilidaka jambo hilo kama mpira.

"Umesikia? Basi washukiwa ni maopareta wote wa greda nchini Kenya! Hii kesi ni kubwa kutushinda. Tuipeleke Nairobi."

"Tuipeleke barabarani kwanza," Hodan akasema, akatoa funguo za pikapu.

Nje ya lango, Masese alishauri waelekee Kijauri. Akasema huko ndiko kwenye chai nyingi. Hodan akasema chai iko kila mahali, ila madonge ya tope jekundu yako upande mmoja tu wa lami, na upande huo si wa Kijauri. Akaendesha polepole, kichwa nje ya dirisha, akihesabu madonge yaliyodondoka kutoka kwenye magurudumu. Masese alikaa kimya. Kwa wanaomjua, hiyo peke yake ingetosha kuandikwa kwenye ripoti.

Madonge yalikata kushoto kwenye banda la maziwa, yakapanda mlima.

Hodan akasimamisha gari. Akashuka. Akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni, akaitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa dada yake aliyerudi kutoka shule akiwa amerefuka.

Njia hiyo aliijua. Mwezi uliopita lori lao lilikwama hapo, wakalivuta kwa trekta. Sasa ilikuwa imelimwa kutoka chini mpaka juu. Mgongo wake uliinuka katikati, mabega yake yakashuka taratibu kila upande ili maji yasikae, na mifereji miwili ilikimbia kando kando, safi, imekatwa kwa kisu kilicholazwa mshazari. Hakukuwa hata na tuta la udongo lililoachwa kando. Aliyefanya alirudi mara ya pili akalisambaza.

"Eskaveta haiwezi hii," Hodan akasema polepole. "Hiyo inachimba tu. Buldoza nalo linasukuma, linaacha makovu. Hii ni greda, na anayeiendesha anaipenda. Nina maopareta wengine wawili wa greda. Mmoja angeacha mawimbi kama bati. Mwingine angeuacha mtaro wa kushoto."

"Au ni mvua," Masese akasema.

Hodan alimtazama mpaka akaangalia kando.

Wakamkuta mzee anashuka na ng'ombe wa gredi, mweusi na mweupe, kiwele kimejaa. Masese akamwamkia, "Bwakire, tata." Mzee akaitikia vizuri, akamsalimu na Hodan kwa Kiswahili.

"Mzee, nani amelima barabara hii?" Hodan akauliza.

Mzee aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Barabara gani?"

"Hii umesimama juu yake."

"Aa. Hii." Akaipima kwa jicho kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuonana. "Hii ni mvua."

Masese aligeukia mlima mwingine, mabega yakitetemeka.

"Mvua imechimba mtaro pande zote mbili, sawasawa, mpaka juu?"

"Mvua ya huku ni kali, mama. Haina mchezo."

Mbele kidogo, mwanamke aliyeitwa Gladys alikuwa akiosha mtungi wa maziwa mbele ya kwake. Yeye hakusikia mashine yoyote. Alikuwa amewasha redio. Mashine yenye injini kama ya malori mawili imepita mlangoni kwako, Hodan akamwambia, na hukusikia? Gladys akasema redio yake ni kubwa. Na jirani? Jirani pia ana redio.

"Lakini dada," Gladys akaongeza, sasa bila mzaha, "mkimpata, mwambieni leo gari la maziwa limefika mpaka hapa. Tangu mvua ianze nilikuwa nabeba mtungi mgongoni mpaka chini, na nusu ya siku maziwa yanakataliwa, yameganda. Leo dereva amepiga honi hapa, nikadhani amepotea."

Hodan alirudi kwenye gari. Akakaa na usukani kidogo kabla ya kuwasha.

Karibu na kilele, kazi ile nzuri ikaisha. Haikuisha kwa kupungua, iliisha ghafla, kama shati lililokatwa kwa makasi. Hapa barabara laini, hapo tope la zamani lenye nyayo za ng'ombe, na mbele ya tope, umbali wa kutupa jiwe, lango la mbao la boma lenye migomba na paa la bati jekundu. Kando ya njia, chai ya jirani ilikuwa imekwaruzwa mahali opareta alipoigeuza mashine. Kijitawi cha Hodan kilikuwa kimepata kwao.

"Hii sasa siielewi," Hodan akasema. Wakashuka wote wawili. "Amelima mlima mzima. Zimebaki hatua chache afike langoni, na ndani kuna uwanja, angegeuza mara moja. Yeye anasimama hapa, anahangaika na kugeuza kwenye chai ya watu, mbele nyuma, mbele nyuma. Kwa nini? Mafuta yaliisha? Aliogopa mbwa?"

Masese alipaswa kukubali habari ya mbwa. Mpaka leo anakubali kwamba alipaswa kukubali habari ya mbwa. Lakini tangu asubuhi alikuwa ameshindwa na rola, ameshindwa na tawi la chai, ameshindwa na tope. Na hapa, kwa mara ya kwanza, palikuwa na swali ambalo jibu lake analo.

"Hodan, wewe umezaliwa Kisii mjini lakini ensoni huijui."

"Naijua. Ni heshima."

"Ni heshima yenye meno. Mwanamume anayekuja kuoa hatokei tu mbele ya mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kabla hajapokewa rasmi na wazee, lango halivuki, hata mvua imnyeshee. Sasa mweke mtu huyo juu ya greda! Kile kiti kiko juu kuliko paa la jikoni. Ukifika hapo langoni unaona uwanja, unaona kamba ya nguo, unamwona mama mkwe mpaka ndani ya sufuria. Hakuna mwanamume wa Kigusii anayeweza. Bora ugeuze kwenye chai ya jirani na ulaaniwe. Kwa hivyo, kwa upelelezi wangu, aliyeendesha mashine hii ni..."

Akafunga mdomo. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, hayakuwa na gia ya kurudi nyuma.

"Mkwe," Hodan akamalizia. "Mkwe wa boma hili ambaye bado hajapokewa. Afande, Nyasani anaoa wapi?"

"Wasichana ni wengi huku Borabu."

"Anaoa wapi?"

Lango likalia. Alitoka bibi mdogo wa umbo, kikapu cha kuchumia chai mgongoni, macho yanacheka kabla ya mdomo. Huyu alikuwa Nyakerario, nyanya wa boma, ambaye mlima wote humwita Magokoro. Nyanya hana ensoni na wajukuu wala na wanaowachumbia. Kazi yake ni kuwatania, na Magokoro alikuwa hajawahi kukosa kazini.

"Karibuni. Mnatafuta ile gari ya kulima barabara?" akauliza. "Ilikuja. Ikafika hapo, ikaogopa."

"Magokoro!" Masese akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi sifichi kitu. Mara ya kwanza wazee wa yule kijana wa mashine walikuja, gari ikakwama huko chini, wakapanda kwa miguu. Wamefika hapa viatu mkononi, suruali imekunjwa, kama watu wa kuvua samaki. Wajomba wetu wakacheka mpaka chakula ikapoa. Kijana akaona haya sana. Cynthia wetu akalia. Sasa Jumapili watakuja tena. Kijana akasema yeye hawezi kuleta wazee na tope."

Hodan aliteremsha macho kwenye barabara. Ndani ya boma mlango ulifunguliwa, na sauti ya mwanamke, nene na ya ukarimu, ikaita, "Mama, ni wageni? Waambie waingie wanywe chai!"

Hodan aligeuka kumwuliza Masese kama wataingia. Masese hakuwepo. Alikuwa nyuma ya pikapu, amechuchumaa, shingo imeingia kwenye kola.

"Afande, umeangusha nini?"

"Nachunguza tairi."

"Tairi ni langu!"

Magokoro aliweka kikapu chini ili acheke vizuri. "Mwache. Huyo anamkimbia Bonareri, mama ya wasichana. Cynthia ni wa yule wa mashine. Nyanchera ni wa huyu wa serikali. Bonareri hajawahi kuona uso yake. Anajua kisogo tu."

Kuku mmoja akalia uani.

"Alaa," Hodan akasema. Akazunguka pikapu pole pole, akasimama juu ya Masese. "Basi kwa sheria yako mwenyewe, afande, nina washukiwa wawili. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Yaya, hapana," Magokoro akasema. "Alikuwa hapa. Alikuja kuongea na Nyanchera huko chini kwenye chai. Hiyo greda ikipanda, ni yeye alisimama mbele anaita kwa mikono, 'Kuja, kuja, kuja, simama! Bomba ya maji!' Bila yeye wangekata bomba yangu. Alitoka jasho, maskini. Nikamletea maziwa mala, akakunywa kikombe mbili."

Masese aliinuka nusu, akakumbuka lango, akachuchumaa tena. "Hodan, nitakueleza. Nilikuwa napita. Mtu akiona bomba la bibi linataka kukatwa..."

Hodan alikuwa ameegemea pikapu, uso ameuficha kwenye mtandio, anacheka mpaka machozi. Simu yake ikaanza kulia. Akaitazama. "Ni baba. Anataka jina."

"Hodan, tafadhali. Nyasani ni mtu mzuri. Ile kazi umeiona mwenyewe."

"Nimeiona." Akajipangusa macho. "Na nimeona pia kwamba mashine iliyopanda mlima polisi akiiongoza kwa mikono si mashine iliyoibiwa. Hiyo ni kazi iliyosimamiwa na serikali. Nyasani habanduki kwangu. Kesho nampa mtaro wa barabara kuu." Akabonyeza simu, akamteremshia. "Lakini baba hataisikia kutoka kwangu. Aliyesimamia ndiye atoe ripoti."

"Haloo?" Sauti ya Mzee Gulled ikatoka, haina haraka. "Hodan? Ni nani huyo anahema?"

Masese aliipokea simu kwa mikono miwili. Akaiweka sikioni, akaifunika kwa kiganja, akanong'ona, "Mzee, shikamoo. Ni Koplo Masese hapa. Kuhusu ile greda..."

"Sema kwa nguvu, momura, kijana wangu," Magokoro akamwambia, akielekeza kidevu langoni. "Bonareri ametoka nje. Anataka kukusikia."